Mkurugenzi wa Teknolojia ni Yupi Hasa? Vidokezo kutoka Miguuni pa Uluguru

Zamani cheo cha mkurugenzi wa teknolojia kilikuwa cha mabenki na kampuni za simu za Dar es Salaam. Leo utakikuta kwenye kampuni changa ya mbegu pale Kihonda, Morogoro, kwenye saccos, kwenye hospitali, kwenye shule binafsi na kwenye miradi ya utafiti iliyopo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Wengine wanakiandika Afisa Mkuu wa Teknolojia, wengine CTO basi. Wafuatilie wenye cheo hicho tangu Jumatatu hadi Ijumaa, utashangaa. Mmoja anaandika programu hadi usiku wa manane, mwingine anabishana na mafundi wa nyaya, wa tatu yuko ukumbini anawaeleza wafadhili, wa nne anafundisha panya kunusa makohozi. Na wote wanne wanafanya kazi yao sawasawa.

Tatizo huanza pale anapohitajika wa aina moja, akaajiriwa wa aina nyingine. Kijana mwenye kipaji anapewa cheo kikubwa, miezi michache baadaye anaambiwa hafai, anaondoka na kidonda moyoni, na taasisi imepoteza muda na fedha. Linaniuma, kwa sababu mara nyingi kilichokosekana ni mazungumzo ya saa moja kabla ya kusaini mkataba. Vidokezo hivi ni vya mazungumzo hayo. Vinamfaa anayeomba kazi, hasa mhitimu wa SUA au Chuo Kikuu Mzumbe anayeitwa kwenye usaili wake wa kwanza wa maana, na vinamfaa zaidi anayeajiri.

1. Uliza nini kitasimama asipokuwepo

Ukitaka kujua kazi halisi ya mtu, achana na maelezo marefu ya kwenye tangazo. Uliza hivi: mtu huyu akiugua wiki mbili, nini kitasimama hapa?

Wakikujibu kwamba mtandao utakufa na mishahara haitalipika, wanatafuta mlinzi wa mitambo. Wakisema bidhaa mpya haitatoka, wanatafuta mjenzi. Wakisema majaribio yatalala, wanatafuta mtafiti. Wakisema wafadhili na wateja wakubwa hawatakuwa na wa kuongea naye, wanatafuta msemaji. Na wakitazamana bila jibu, usikimbilie kukata tamaa. Huenda wana timu nzuri inayojiendesha na wanahitaji mtu wa kufikiria miaka mitano ijayo. Ila huenda pia wameona jirani zao wana cheo hicho, nao wakakitaka. Swali la pili litakuonyesha ni lipi: waulize mwaka jana ni uamuzi gani wa teknolojia uliowatesa. Wenye kazi ya kweli watakujibu papo hapo.

2. Mjenzi ni wa siku za mwanzo, na mahali pake ni kwa watumiaji

Kampuni ikiwa na watu watano, mkurugenzi wa teknolojia ndiye anayeandika programu, ndiye anayeitengeneza ikiharibika, ndiye anayepokea simu ya mteja aliyesahau neno la siri. Sifa yake kubwa ni kumaliza kazi. Hahitaji kuwa amesoma kila kitu, lakini asiwe mtu wa kujifungia.

Mfano mzuri uko kwa jirani. Majaribio ya M-Pesa yalianza Kenya mwaka 2005 kwa lengo dogo: wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo walipe marejesho yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone ndio waliolibeba wazo hilo, na Lonie alihamia Kenya kulisimamia. Wakati wa majaribio watu walianza kufanya jambo ambalo halikuwa kwenye mpango: kutumiana pesa wao kwa wao. Timu ililiona, ikapunguza mambo ya mikopo yaliyokuwa yanasumbua, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilijengwa juu ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka uliofuata Vodacom wakaileta Tanzania.

Tabia hiyo ndiyo ya kutafuta kwa mjenzi. Kama unajenga programu ya bei za mboga, mtu wako awe tayari kusimama kwenye mzigo wa kabichi na njegere kule Mgeta alfajiri, aone dalali anaandika wapi, mkulima anahesabu vipi, na simu inatolewa mfukoni wakati gani. Akirudi mjini atafuta nusu ya vitu alivyokuwa amepanga kujenga. Mshukuru.

3. Mtafiti: teknolojia si lazima iwe na skrini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Morogoro tuna mfano ambao dunia nzima inautazama, na sisi tunaupita kwa bodaboda.

Shirika la APOPO lilianzishwa mwaka 1997 na Bart Weetjens, Mbelgiji aliyefuga panya tangu utotoni, na tangu mwaka 2000 makao yake yapo hapa, ndani ya eneo la SUA. Teknolojia yao ni panya buku, yule mkubwa wa Afrika mwenye vifuko mashavuni. Panya hufundishwa kunusa baruti ya mabomu ya ardhini na harufu ya vijidudu vya kifua kikuu. Mafunzo huchukua takriban miezi tisa. Kwa vile ni mwepesi, panya anaweza kukanyaga juu ya bomu bila kulilipua, na eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi hulimaliza kwa nusu saa, kazi inayoweza kumchukua mtu mwenye kifaa cha kunasa vyuma hadi siku nne. Magawa, aliyezaliwa hapa nchini akapelekwa Kambodia, aligundua zaidi ya mabomu 70, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likampa nishani ya dhahabu. Hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake.

Sasa tazama kazi ya anayeongoza teknolojia ya namna hii. Kwenye chumba cha kifua kikuu panya hupita juu ya mstari wa matundu, chini ya kila tundu kuna sampuli ya makohozi iliyokwisha kupashwa moto ili vijidudu vife. Akinusa yenye ugonjwa anatulia hapo, pua tunduni, kama sekunde tatu. Mfundishaji anabonyeza kidude kinachotoa mlio wa "klik", panya anajua chakula kinakuja. Panya mmoja anaweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20.

Lakini ni sampuli ipi itakayompa panya tuzo, wakati mfundishaji mwenyewe hajui majibu ya hizo nyingine? Hapo ndipo kichwa cha mtafiti kinapohitajika. Kati ya sampuli zisizojulikana wanachanganya ambazo kliniki ilishathibitisha kuwa zina ugonjwa, na tuzo hutolewa kwa hizo. Kisha kila sampuli ambayo panya ameishuku hurudiwa maabara kwa njia zinazokubalika kabla mgonjwa hajaambiwa lolote. Panya anashuku, maabara inathibitisha. Bila mpangilio huo, panya wangekuwa kivutio cha watalii na si chombo cha tiba.

Ukimtafuta mkurugenzi wa aina hii, usimpime kwa lugha za programu anazozijua. Mpime kwa swali moja: utajuaje kwamba umekosea? Mtafiti wa kweli atakuonyesha alivyopanga kujikagua. Na ukimpata, mpe muda. Panya haharakishwi kwa barua ya menejimenti.

4. Mlinzi wa mitambo huonekana siku mambo yanapoharibika tu

Huyu ndiye anayedharauliwa kuliko wote. Mambo yakienda vizuri, watu huuliza analipwa kwa nini. Yakiharibika, wanauliza alikuwa wapi.

Jumapili ya Mei 12, 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya Bahari ya Hindi, SEACOM na EASSy, zilikatika. Tanzania ilikuwa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Huku mjini mawakala walikaa, wanafunzi walishindwa kutuma kazi zao, ofisi zikarudi kwenye karatasi. Walioendelea na kazi ni wale ambao mtu wao wa mitambo alikuwa ameshauliza mapema swali la kuchosha: njia yetu ya pili ya kutoka nje ni ipi, na je, kweli inapita mahali tofauti, au ni kampuni mbili zinazotegemea waya uleule?

Angalia pia treni ya SGR. Abiria walianza kusafiri kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, kwa muda usiofika saa mbili, na leo stesheni yetu yenye paa la mfano wa vilele vya Uluguru inapigwa picha na kila mgeni. Katika wiki za mwanzo za safari za kwenda Dodoma treni ilikwama njiani kwa hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli Tanzania (TRC) likaeleza kwamba ngedere na bundi walichangia. Watu walicheka sana. Mimi niliichukulia kama somo kubwa la kazi hii. Mtu wa mitambo Tanzania lazima ajue umeme, ajue mfumo wa tiketi, na ajue kwamba nyaya zake zinapita kwenye pori lenye wanyama. Kwenye mwongozo wa mtengenezaji hakuna ukurasa wa ngedere. Ukurasa huo anauandika yeye.

Kwa hiyo anayeajiri amuulize mwombaji asimulie siku mfumo wake ulipoanguka: aligunduaje, alimwambia nani kwanza, ilichukua muda gani, na nini kilibadilishwa baadaye. Asiyewahi kuangukiwa na mfumo hajawahi kuachiwa mfumo mkubwa.

Na wewe unayeomba kazi, ukiambiwa utalinda mitambo, uliza bajeti ya betri, jenereta na vipuri kabla hujauliza mshahara.

5. Mwunganishi anajua lugha ya kila chumba

Kuna taasisi ambazo hazikosi wataalamu. Kinachokosekana ni mtu wa kuwafanya wasikilizane.

Pale SUA kuna kituo cha SACIDS kinachoshughulikia magonjwa ya kuambukiza ya watu na wanyama kwa pamoja. Sababu ya kuwa pamoja tunaijua vizuri. Homa ya Bonde la Ufa ilipozuka mwaka 2006 na 2007, Morogoro ilikuwa kati ya mikoa iliyopigwa, na ugonjwa huo huanzia kwa mbu na mifugo kabla ya kumfikia binadamu. Daktari wa mifugo akiona mimba za ng'ombe zinaharibika kwa wingi, daktari wa watu anapaswa kujua leo. Si baada ya mwezi.

Ndipo ikatengenezwa AfyaData, programu ya simu inayomwezesha mtu aliyechaguliwa na kijiji chake kuripoti dalili za ugonjwa kwa watu na kwa wanyama, taarifa zikaingia kwenye mfumo mmoja na majibu yakamrudia. Waliokaa pamoja kuitengeneza ni waganga wa binadamu, waganga wa mifugo na watu wa TEHAMA.

Anayeongoza teknolojia kwenye meza kama hiyo huenda asiandike hata mstari mmoja wa programu mwaka mzima. Kazi yake ni kuamua mambo ambayo yakiachwa hewani mradi unakufa. Kuku wamekufa kumi: hiyo inaripotiwa kama taarifa moja au kumi? Ripoti ikiingia usiku, simu ya nani inalia? Daktari wa wilaya aone majina, au aone idadi tu? Kila swali hapo linaonekana ni la kiufundi, kumbe ni la watu na mamlaka zao. Mwunganishi mzuri analijua hilo. Utamtambua kwenye usaili kwa namna anavyowataja wenzake wa idara nyingine. Akiwaita "watumiaji wagumu", mwache.

6. Mwona mbali mzuri anaanza na mahali pasipo mtandao

Wengi wakisikia mkurugenzi mwenye maono wanafikiria mtu anayesoma habari za akili bandia asubuhi na mchana anazihubiri ofisini. Mimi nina kipimo kingine. Mwona mbali anajua teknolojia mpya, lakini anajua zaidi itatua wapi.

Panda kutoka mjini kuelekea Matombo au Kinole. Kwenye kona hii simu ina mtandao mzuri, ukigeuka nyuma ya mgongo wa mlima hakuna kitu. Vilele vilevile vinavyotupa mvua na mito ya Ruvu vinakata mawimbi. Programu yoyote ya mkulima inayodai intaneti kila dakika imeshamkosa mkulima huyo.

Ndiyo maana ninaiheshimu Nuru, programu iliyotokana na mradi wa PlantVillage wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA, ambayo ina watafiti Dar es Salaam. Mkulima anaelekeza kamera ya simu kwenye jani la muhogo, nayo inamwambia kama ni batobato, michirizi ya kahawia au ni tanabui. Inasema Kiswahili. Na inafanya kazi shambani bila intaneti, kwa sababu sehemu inayotambua ugonjwa imehifadhiwa ndani ya simu yenyewe. Hilo halikutokea kwa bahati. Mtu aliamua mapema kwamba programu iwe nyepesi kiasi cha kukaa kwenye simu ya kawaida, na uamuzi huo ulibana kila kilichofuata: ukubwa wa mfumo, idadi ya magonjwa, namna ya kuufundisha kwa picha za mashambani badala ya picha za maabara.

Kwa hiyo mwombaji akikueleza maono yake, msikilize kwa heshima, kisha umuulize kazi hiyo itafanyikaje kwa mama aliyeko nyuma ya mlima na simu yenye chaji asilimia 12.

7. Msemaji wa nje ni kazi halali, mradi muwe mnamhitaji

Werner Vogels alikuwa mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell kabla ya kuwa mkurugenzi wa teknolojia wa Amazon mwaka 2005. Alipata umaarufu kwa kuzunguka dunia akiwaeleza wateja jinsi ya kujenga mifumo, na kurudi ofisini na malalamiko yao. Kampuni inayouza teknolojia kwa wajuzi wa teknolojia inamhitaji mtu wa aina hiyo.

Taasisi ya watu wanane pale Msamvu haimhitaji bado. Ikiwa mkurugenzi wako wa teknolojia yuko kwenye makongamano mwezi mzima na hakuna aliyebaki kujibu maombi ya wateja, mwambie arudi.

8. Mkuu wa TEHAMA si lazima awe mkurugenzi wa teknolojia

Kwa kifupi kabisa: mkuu wa TEHAMA anaihudumia taasisi yenyewe, yaani kompyuta za ofisi, mfumo wa mishahara, barua pepe, usalama wa kumbukumbu. Mkurugenzi wa teknolojia anashughulika na kile ambacho taasisi inampa mteja. Kwenye ofisi ya halmashauri kazi ya kwanza ndiyo kubwa. Kwenye kampuni ya programu, ya pili. Kwenye hospitali zinagusana kila saa, na mtu mmoja akipewa zote mbili aandikiwe hivyo kwenye mkataba, na alipwe hivyo.

9. Tazama anaripoti kwa nani, na anaweza kusaini nini

Kijana mmoja aliajiriwa na taasisi fulani ya hapa mjini kwa cheo cha mkurugenzi wa teknolojia. Aliwekwa chini ya mhasibu. Kila alipohitaji kubadili kifaa aliandika dokezo, dokezo likapita kwa mhasibu, kisha kwa msaidizi wa mkuu, kisha likarudi na swali kuhusu bei. Mfumo wa wateja ulipolala siku mbili kwa sababu ya kifaa alichokuwa amekiombea fedha mapema, aliandikiwa barua ya onyo. Alijiuzulu. Bado nina hasira na habari hiyo.

Basi uliza kabla. Je, unakaa kwenye kikao cha menejimenti, au unaitwa pale tu projekta inapogoma? Unaweza kuidhinisha matumizi ya kiasi gani bila kuomba ruhusa? Unaweza kumkatalia mkubwa anayetaka mfumo ambao ameuona kwa rafiki yake? Mtu asiye na mamlaka ya kukataa hawezi kulaumiwa kwa yaliyonunuliwa.

10. Mdogo asione aibu kuazima

Saccos ya walimu au kampuni ya watu sita ya kusindika viungo haina sababu ya kubeba mshahara wa mkurugenzi kamili. Mpate mtu mwenye uzoefu, aje siku mbili kwa mwezi, akague mikataba ya wauzaji wa programu, awasimamie mafundi vijana, awazuie kununua msichokihitaji. Mhadhiri mwenye ruhusa ya mwajiri wake anaweza. Mtu wa SUGECO, ule ushirika wa wahitimu wajasiriamali wa SUA, anaweza kuwaelekeza kwa mtu. Siku hizi pia treni imeleta Dar es Salaam karibu, na mtaalamu wa huko anaweza kuja asubuhi na kurudi jioni.

Andikeni tu kama maamuzi ni yake au yeye anatoa ushauri. Hapo ndipo watu hugombana.

11. Kubalianeni mapema kwamba kazi itabadilika

Mjenzi aliyeanza na kampuni ikiwa chumba kimoja anaweza kujikuta, miaka saba baadaye, anaongoza watu hamsini na hajagusa programu tangu mwaka juzi. Wapo wanaolipenda hilo. Wengine huumia kimyakimya. Rudi tena kwa M-Pesa: mwaka 2007 kazi ilikuwa kuhakikisha huduma inatumika. Lakini mitambo mikuu ya M-Pesa ya Kenya iliendelea kukaa Ujerumani hadi mwaka 2015, ilipohamishiwa Kenya pamoja na mfumo mpya. Kuhamisha pesa za mamilioni ya watu kutoka mfumo mmoja hadi mwingine ni kazi ya mtu wa tabia tofauti kabisa na yule wa majaribio: mwenye orodha ndefu, asiyependa kushtukizwa, anayefurahi usiku ukipita bila habari.

Kwa hiyo wekeni kwenye mkataba mazungumzo ya kila mwaka kuhusu sura ya kazi, tofauti na tathmini ya utendaji. Mjenzi akitaka kubaki mjenzi, mruhusuni, kisha ajirini msimamizi mwingine kando yake. Kumshusha mtu cheo kwa sababu kampuni imekua ni dhuluma, na kumwacha akizama kwa sababu ya heshima ni dhuluma pia.

12. Uliza nani ameshika taarifa za watu

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Ukikusanya majina, namba za simu au vipimo vya watu unatakiwa ujisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na uwe na afisa anayelisimamia jambo hilo. Taasisi nyingi zinamtupia mkurugenzi wa teknolojia jukumu hilo bila kumwambia. Kama ni wewe, ujue. Kama si wewe, jua ni nani.

13. Kabla ya mkono wa heri, hesabuni funguo

Siku ya kwanza kazini omba orodha, na ukiwa mwajiri itoe bila kuombwa: jina la tovuti limesajiliwa kwa jina la nani, na linaisha lini? Namba ya simu inayopokea ujumbe wa kuthibitisha malipo iko kwenye laini ya nani? Nani ana neno la siri kuu la barua pepe za ofisi? Nakala za akiba ziko wapi, na mara ya mwisho kuzijaribu ilikuwa lini? Programu mliyoandikiwa na kijana aliyeondoka, msimbo wake uko kwenye akaunti ya taasisi au kwenye kompyuta yake mpakato?

Mara nyingi utakuta tovuti imesajiliwa kwa barua pepe binafsi ya mtu aliyehamia Mwanza, na laini ya malipo iko kwa jina la katibu muhtasi aliyestaafu. Usianze na maono. Chukua wiki ya kwanza, wapigie simu kwa adabu mmoja mmoja, waombe wakusaidie kuhamisha kila kitu kwenye jina la taasisi, na wakumbushe wakubwa wako kuwalipa nauli na vocha wale watakaolazimika kwenda benki au duka la kampuni ya simu kusaini.